Tuma Jibu Lingine

Wifi yangu anauza magodoro. Si dukani. Dukani wapo wengine, wanaokaa chini siku nzima kwenye harufu ya sponji mpya na nailoni wakisubiri watu waingie. Yeye ni wa nje. Asubuhi anabeba mkoba wenye vipande vya sponji vilivyokatwa kama sabuni za kufulia, vingine laini, vingine vigumu, anaingia nyumba za wageni, mabweni, zahanati, popote watu wanapolala kwa wingi. Alianza kazi hiyo kabla hajaolewa na kaka yangu. Ofisini wanamwita Dada Mkubwa, maana karibu wote waliopo leo aliwapokea yeye.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Anafanyia kazi barazani kwao, na mimi nakaa nyumba inayofuata, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, na yale ya ofisini wifi amenisimulia mara nyingi hadi najua nani alikaa kiti gani.

Mambo yalianza alipoletwa msimamizi mpya wa mauzo. Msichana mwerevu, mpole, umri wake ungetosha kuwa mtoto wa wifi, na kila asubuhi alikuwa anamwamkia shikamoo kabla hajaweka mkoba chini. Siku ya kikao chake cha kwanza aliwaambia watu wa nje kwamba kuanzia wiki ile hakuna tena kusimama mbele ya meneja Ijumaa na kusema "wiki ilikuwa nzuri". Kutakuwa na fomu kwenye simu. Linki itakuja kwenye kundi la ofisi. Kila jioni mtu anaifungua, anajaza amepiga simu ngapi, ametembelea wateja wangapi, ametoa profoma ngapi, yaani zile karatasi za bei anazopewa mteja kabla hajanunua, kisha anabonyeza "tuma". Kila swali lina lengo lake. Ukilifikia, chati inakuwa ya kijani. Usipolifikia, nyekundu.

"Si lazima muuze kila siku," msimamizi aliwaambia. "Kuuza hakuko mikononi mwetu peke yetu. Lakini kupiga simu na kwenda kwa mteja kuko mikononi mwetu. Hicho ndicho tunachopima."

Wifi anasema maneno hayo aliyaelewa na aliyapenda. Tatizo lilianza mwenzake aliponyoosha mkono. Huyu wanamwita Msemaji, kijana wa miraba minne anayeuza upande wa mashule, hakai kimya hata akiwa na chakula mdomoni.

"Nikimpigia mteja akakata," alisema Msemaji, "hiyo ni simu au si simu?"

"Hilo ni jaribio."

"Jaribio linajazwa wapi?"

Msimamizi akaangalia fomu. Hapakuwa na sehemu ya jaribio. Akasema watumie busara.

Wifi naye akauliza, na hakuwa anatania: "Mteja akinikuta njiani tukaongea, nimemtembelea mimi au kanitembelea yeye?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu nusu ya wateja wake anakutana nao njiani. Msimamizi akajibu kwamba hilo pia ni la busara, na kikao kikaisha. Wifi alitoka pale akiwa na linki kwenye simu na busara asiyojua aitumie vipi.

Jioni ile akakaa kwenye kiti cha wateja pale barazani, miwani puani, akaifungua ile fomu. Simu yake ina kioo kilichopasuka kona hadi kona, na maandishi yakawa yanaingia kwenye ufa na kutokea upande wa pili. Akaituma linki kwenye simu ya kaka, ambayo ni kubwa, ameinunua ili aone vizuri picha za mishono wanayomletea wateja.

"Nisomee," akamwambia.

Kaka akasoma. "Umetembelea wateja wangapi leo?"

"Sasa hapo ndipo penye kazi. Nilikwenda kwa yule mama wa nyumba ya wageni. Nimemkuta anaanika mashuka. Tumeongea habari ya goti lake mpaka jua likahama. Godoro hatukuligusa."

"Lakini ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Basi mmoja," akasema kaka, akaandika.

Wakaenda hivyo hivyo, mteja kwa mteja, kama watu wanaochambua mchele gizani. Walipomaliza kaka akabonyeza "tuma", wote wawili wakashusha pumzi.

Siku zilizofuata wifi alijifunza kuifungua mwenyewe. Alikuwa anajaza asubuhi akifika ofisini, kwenye dirisha la ngazi ambako mtandao unashika, akikumbuka ya jana. Hakuona kijani wala nyekundu, maana chati ilikuwa kwa msimamizi. Alijaza, akatuma, akaenda zake. Kichwani alijua anafanya kazi ya kawaida, kama miaka yote.

Mwisho wa mwezi msimamizi akawaita ghorofani. Akafunga mapazia, akaimulika chati ukutani. Kila mtu alikuwa na nguzo yake na jina lake chini. Ya Msemaji ilifika kimo cha swichi ya taa. Za wengine zilikuwa chini ya hapo. Ya wifi ilikuwa ya kijani, na ilipanda ikapita saa ya ukutani ikaishia karibu na dari.

Wifi alitazama nyuma yake kuona nani anapigiwa makofi.

"Dada," msimamizi akamwambia, "naomba usimame utuambie unafanyaje."

Akasimama. "Natembea tu," akasema.

"Mmesikia?" msimamizi akawageukia wengine. "Anatembea tu. Hana visingizio."

Meneja, ambaye kwa kawaida huwa hakai kwenye vikao hadi mwisho, siku hiyo alikaa, akampa mkono. Kisha akasema kitu kilichowaharibia wengine mchana wote: kama Dada Mkubwa, kwa umri wake, anaweza kufika pale, basi malengo waliyowekewa ni ya kitoto. Mwezi unaofuata yatapandishwa kwa wote.

Kuanzia siku hiyo Msemaji akawa anamsalimia wifi kwa shingo upande. Wakati wa chai watu waliokuwa wanamsogezea kiti wakawa wameshakaa bila kumngoja. Hakuna aliyemwambia neno baya, na hilo lilimsumbua zaidi, kwa sababu angeambiwa angejibu. Sasa angejibu nini? Hata yeye mwenyewe hakuelewa ile nguzo imetoka wapi.

Akaanza kujihesabu. Akawa anatembea mjini anahesabu kwa vidole ndani ya mkoba. Akirudi ofisini anamwomba msimamizi amwonyeshe idadi ya jana, anakuta ni mara mbili ya vidole vyake, au mara tatu. Siku moja alikuta ameandikiwa profoma ambazo hakukumbuka kuzitoa. Alisimama pale akizitazama huku msimamizi akimsifia kwamba ana unyenyekevu.

Alikwenda mpaka kwenye zahanati moja, akamwuliza mhudumu wa mapokezi, "Samahani mwanangu, mimi jana nilikuja hapa?"

"Ulikuja, mama."

"Mara ngapi?"

Yule binti akaweka kalamu chini. "Mama, uko salama? Nikuitie daktari?"

Wifi akasema hapana, akatoka haraka. Akatembea mpaka kwenye benchi la nje akakaa, mkoba mapajani, na hapo, anasema, ndipo wazo lilipomjia kisha likakataa kuondoka. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kurudi sokoni mara ya pili kununua chumvi aliyokwisha kuinunua, na akamalizia kwa kumwita wifi kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Wifi alimwuguza mwenyewe, akamlisha kwa kijiko. Anajua njia ile nzima inavyopita.

Kumbe mtu anaweza kwenda kwa wateja mara mbili na asijue. Ndivyo alivyojiambia. Kumbe miguu inakwenda na kichwa kimebaki nyumbani.

Hakutuambia. Sisi tuliona tu kwamba amekuwa mtu wa kushika vitu na kuviangalia. Alikuwa anafunga mlango, anarudi kuujaribu. Aliniuliza siku moja tukianua nguo kama alikwisha kunirudishia beseni langu, na beseni lilikuwa mkononi mwake. Nilicheka. Yeye akaniangalia kwa macho ambayo sikuyaelewa, nami nikaacha kucheka bila kujua kwa nini nimeacha.

Jumamosi moja mchana nilikuwa barazani kwao nasubiri kaka anipunguzie gauni kiunoni. Wifi akatoka ndani amevaa nguo za kutokea, akasimama mbele ya cherehani.

"Jumatatu naomba unisindikize hospitali," akamwambia mumewe.

Kaka hakuinua kichwa. "Nani mgonjwa?"

"Mimi. Nataka wanipime kichwa."

Cherehani ikasimama. Kaka akamtazama, akanitazama mimi, mimi nikatazama gauni. Wifi akaanza kueleza, kwanza polepole, baadaye maneno yakawa yanagongana: nguzo, kijani, profoma asizozijua, zahanati, mama yake.

Kaka alikuwa ameshika sindano midomoni. Akaitoa.

"Hizo namba za jioni," akasema, "si nazituma mimi?"

"Zipi?"

"Za fomu. Si ulinipa linki?"

"Nilikupa unisomee. Siku ile moja."

"Ndiyo. Kesho yake ukalala na miwani usoni hujajaza, nikasema mke wangu amechoka, nikajaza mimi. Na keshokutwa nikajaza. Kila jioni si unanisimulia tukila? Fulani nimemwona, fulani nimekutana naye. Mimi naweka." Akatafuta simu kati ya vitambaa, akampa. "Wala sikusahau hata siku moja."

Wifi akaishika simu. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. "Na mimi najaza asubuhi," akasema.

"Hilo sikulijua."

"Hata ukijumlisha yangu na yako, haifiki dari."

Kaka akajikuna shingoni. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuna jingine. "Ni kwa sababu yao wenyewe," akasema. "Nikishatuma wanaandika: jibu lako limepokelewa. Chini yake wanaandika: tuma jibu lingine."

"Halafu?"

"Nikatuma lingine."

Wifi akaitazama ile simu mkononi mwake.

"Nikituma, wanasema tena tuma jibu lingine. Nikasema hawa watu hawashibi. Basi nikawa natafuta. Kama umesema umesalimiana na mwenye duka la dawa, namweka. Yule wa profoma alikuwa yule uliyesema atazitaka mwezi ujao, nikaona nimtangulize. Nikichoka ndiyo naacha. Nilikuwa naogopa nisipojibu watakukata mshahara."

Mimi nilitaka kucheka mpaka mbavu ziniume, lakini wifi alikuwa analia. Alilia amesimama, kwa muda mrefu, simu kifuani, na kaka akawa anaokota vipande vya uzi sakafuni, vipande ambavyo havina kazi, anavikusanya kiganjani. Mwishowe wifi akasema, "Nilikuwa naenda kupimwa kichwa, baba watoto." Kaka akasema, "Nimesikia." Akarudia tena, "Nimesikia." Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa mdogo vile, na ndiye mkubwa wetu.

Jumatatu hawakwenda hospitali. Walikwenda ofisini, wote wawili. Wifi alitaka aende peke yake, kaka akakataa, akavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe na kola ikasimama kama ya bwana harusi. Msimamizi alipowaona akadhani wameleta habari ya msiba, akawapa viti.

Wifi akaeleza. Msimamizi akawa anaitika "sawa, sawa" huku uso ukionyesha si sawa hata kidogo. Kisha kaka akaomba aonyeshe simu yake. Akajaza fomu mbele yake, akatuma, akamwonyesha. "Soma hapo, binti yangu."

Msimamizi akasoma. Akasoma tena. Fomu aliitengeneza yeye, lakini yale maneno ya chini yalikuwa yamekuja yenyewe na hakuwahi kuyatazama kama amri.

"Hiyo maana yake ni ukipenda," akasema taratibu. "Ukiwa na lingine."

"Haikuandika ukipenda," kaka akamjibu kwa adabu.

Msimamizi akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia katikati, na wifi anasema alimwona rangi ikimbadilika. Alikuwa amekumbuka kwamba zile namba ameshazipeleka kwa meneja, na meneja ameshazipeleka juu. "Kwa hiyo nimewapandishia watu malengo kwa sababu ya shemeji yetu," akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

Angeweza kulimaliza pale pale. Angefuta mistari ya ziada na kumwomba wifi anyamaze, na wifi, Mungu anisamehe, angenyamaza, kwa sababu alikuwa amechoka. Badala yake yule binti akachukua kompyuta yake kwapani akawaambia twendeni. Wakaingia wote watatu kwa meneja.

Meneja alisikiliza akiwa ameegemeza shavu kwenye ngumi. Akamwelekezea kaka kidole. "Huyu ni mfanyakazi wetu?"

"Hapana, ni mume wangu," akasema wifi.

"Na amekuwa akitutumia taarifa."

"Kwa kujitolea," akasema kaka.

Meneja akafikiri. Akauliza ni nani mwingine anayeweza kuifungua linki hiyo na kujaza anachotaka. Msimamizi akajibu, kwa sauti ya chini, kwamba ni yeyote mwenye linki. Meneja akauliza kama mtu anaweza kujaza jina la mwenzake. Msimamizi akasema anaweza. Meneja akasema hakuelewa jambo hata moja tangu walipoingia, isipokuwa kwamba malengo mapya yasimame kwanza, na kwamba yule bwana akafanye kazi yake ya ushonaji.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Safari hii msimamizi hakumulika kitu ukutani. Aliwauliza: kumtembelea mteja ni nini? Kila mtu akawa na jibu lake. Msemaji akakiri kwamba simu zilizokatwa alikuwa anazijaza zote, na hata zile alizopigiwa kwa kukosea namba. Mwingine alikuwa hajazi ziara mpaka mteja alipie, ndiyo maana nguzo yake ilikuwa fupi kama kisigino, na mwezi mzima alidhani atafukuzwa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana, na msimamizi akayaandika maneno yao chini ya kila swali: simu ni ile iliyopokelewa na mteja, ziara ni kuonana na mwenye uamuzi na godoro likatajwa, profoma ni iliyofika mkononi kwake. Fomu ikafupishwa ikabaki maswali machache. Ikafungwa ili kila mtu aingie kwa namba yake na ikubali jibu moja tu kwa siku. Na kila mmoja akajiwekea lengo lake la wiki mwenyewe, akalitamka mbele ya wenzake.

Baada ya kikao Msemaji alimvutia wifi kiti. "Dada Mkubwa," akasema, "mumeo hana kaka?"

Ningependa kusema kwamba hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Wiki ya kwanza ya fomu mpya nguzo ya wifi ilikuwa fupi na nyekundu, na haikuwa na mtu wa kulaumiwa. Goti la mama wa nyumba ya wageni halikuhesabiwa. Wenye maduka aliowasalimu hawakuhesabiwa. Alirudi nyumbani akaniambia, "Wifi, mimi nimekuwa nikitembea miaka yote hiyo nikijua nauza. Au nilikuwa naamkia watu?" Nikamwambia magodoro ameuza, tumeyaona. Akasema ni kweli, ameuza, ila sasa hajui yale yaliuzwa na mazungumzo au yalijiuza.

Hilo lilimkaa. Alibadili jambo moja tu. Kabla hajaaga popote alijilazimisha kutaja godoro, hata kama anaona haya. Anasema mwanzoni alikuwa anajisikia kama mtu anayeomba kuazimwa nguo msibani.

Lipo bweni la wanafunzi wa uuguzi ambako alikuwa anapita mara kwa mara kwa sababu matroni ni mtu wa stori. Siku hiyo walipiga stori kama kawaida, wifi akasimama, akaushika mkoba, akajikaza. "Matroni, haya magodoro yenu mnabadilisha lini?"

Matroni akamtazama. "Umekuja hapa tangu nikiwa na nywele nyeusi," akasema. "Leo ndiyo unaniuliza? Mimi nilidhani unauza mikoba."

Wakapita chumba kwa chumba wakibonyeza magodoro, mengine yamezama katikati kama mitumbwi. Matroni akabonyeza vile vipande vya sponji kimoja kimoja, akachagua kigumu, akaomba profoma ya ghorofa nzima.

Wifi alifika nyumbani jua halijazama. Kaka alikuwa anakunja kazi zake; siku hizi simu yake anaiweka mbali wifi anapojaza, hata kuitazama hataki. Wifi akaketi, akaifungua fomu. Simu zilizopokelewa, akajaza. Ziara, akajaza. Profoma, akajaza. Swali la mwisho lilikuwa: mteja ni mpya au wa zamani?

Akakwama hapo. Akaniuliza mimi. Nikasema wa zamani, si anamjua miaka mingi. Kaka akasema mpya, kwa sababu hajawahi kununua hata foronya. Tukavutana. Wifi akampigia msimamizi, akaweka sauti juu ili nasi tusikie.

Alimweleza yote.

"Dada," msimamizi akasema, "hata mimi sijui. Acha wazi, tutaamua Jumatatu."

"Haikubali kuachwa wazi. Inagoma kutuma."

"Kweli?" Tukamsikia akibonyeza bonyeza. "Ngoja. Ngoja kwanza niangalie."

Wifi akaweka simu mezani, na sote watatu tukasubiri.